Jiwe la Mlango wa Baba

Mwaka wa nne wa Farao wetu, mwezi wa pili wa mafuriko, siku ya 8

Mwanangu Khaemope,

Salamu nyingi. Kila siku namwomba mungu Amoni akupe afya, akurudishe nyumbani. Mimi mzima, ila macho ndiyo basi tena. Dada yako Henutiab anaandika, mimi nasema tu.

Kaburi langu limekwisha, limebaki jiwe la mlango, ambalo roho yangu itapitia kuja kupokea sadaka. Njoo ulichonge. Pale mwisho, penye "aliyemfanyia haya ni mwanawe", nataka mkono wako, si wa kibarua. Na hilo "fanya" ulichonge vizuri, ile alama ya jicho niliyokufundisha kabla hujajua kufunga mshipi. Kwa jicho hilo tunaandika kutenda, kuzaa, hata kumaliza mwaka. Nyie vijana mmelichakaza: hamwendi, "mnafanya kwenda", hamlali, "mnafanya kulala". Ptuu! Wazee walisema neno wakamaliza.

Baba yako

Mwezi wa nne wa mafuriko, siku ya 21

Shikamoo baba,

Pole na macho. Huku kaskazini nafanya kuishi vizuri (cheka basi!). Msimamizi hanipi ruhusa, lakini jiwe linakuja na mashua ya nafaka, limeshachongwa. Jina lako lipo, langu lipo. Kila aliyeliona amelisifu.

Mwanao akupendaye

Mwezi wa kwanza wa kupanda, siku ya 30

Khaemope,

Jiwe limefika, nimelipapasa. Jicho limechongwa kwa kina na mtu aliyependa kazi yake. Jina langu je? Limekaa shimoni, palipokwanguliwa, na chini yake mikwaruzo ya jina la zamani bado ipo. Nimeifuata kwa ukucha. Nani huyu Ipuy, mwoka mikate? Umeng'oa mlango wa maiti ukamletea baba yako? Nimenawa mara tatu, mikono bado inaninuka. Jibu!

Baba yako

Mwezi wa tatu wa kupanda, siku ya 12

Shikamoo baba,

Hujambo lakini? Usikasirike. Huku wote tunafanya hivyo, msimamizi mwenyewe ndiye anayetugawia mawe ya makaburi ya zamani. Maneno tunayaacha, tunabadilisha majina tu. Ipuy alikufa miaka mia iliyopita, nani atamuulizia? Siku ikifika nitakuja kukuzika, usihofu.

Mwanao

Mwezi wa nne wa kupanda, siku ya 25

Nani atamuulizia? Mimi!

Nimechukua patasi, Henutiab akaniongoza kidole. Jina langu nimelikwangua, nimemrudishia Ipuy lake. Limepinda kidogo, atanisamehe. Nikashuka hadi jina lako. Chini yake yumo mtoto wa watu, anaitwa Kaha, aliyemfanyia baba yake kazi ile yote. Lako nimelitoa, lake nimelirudisha.

Jiwe linapanda mashua kesho. Ulipeleke ulikoling'oa. Ukilitupa mtoni sitajua.

Mimi atanizika Henutiab, bila mlango. Usije.

Nebnakht, mchongaji