Ingobyi ya Mzee Barnabe

Magarama, Gitega

Kaka yangu Deo,

Amani ya Bwana ikufikie hapo senta ya Mwakiro, uliposimama. Najua umesimama, kwa sababu nimemwagiza dereva akupe barua hii mkononi kabla hajafungua mlango wa nyuma wa gari. Nawe usiusogelee mlango huo mpaka umalize kusoma. Mama hajambo? Goti limepoa, au bado analikanda kwa maji ya moto huku akinilaumu mimi niliyeondoka? Watoto je, na shemeji yangu? Sisi huku tuko wazima. Cherehani yangu bado iko barazani kwa Mama Furaha, yule Mkongomani wa Uvira anayeuza vitenge, na kazi ipo ya kutosha kula na kuvaa. Baridi ya Gitega ni ile ile.

Nilikuambia kwenye simu uje na ingobyi, machela ya kilima, na wanaume wenye mabega, kuna mzigo mzito unatoka kwangu. Ulicheka, ukaniuliza kama nimekununulia kabati. Nilikuaga upesi, maana ningejibu ungekata simu. Mzigo ni Mzee Barnabe.

Usitupe karatasi. Soma.

Unakijua kikundi chetu cha kina mama wa kanisani. Hospitalini huku mgonjwa huja na murwaza wake, ndugu wa kumpikia, kumwosha na kumfulia. Asiye na murwaza hulala akinusa sufuria za wenzake. Hao ndio wetu. Tunawapelekea uji, ugali na maharage, tunawaosha, tunawakata kucha, tunaomba nao, kisha tunarudi kwenye kazi zetu. Nilijiunga kwa moyo mweupe. Kule kambini Tanzania, ukimbizini, tulilelewa na mikono ya watu tusiowajua, na mimi nilitaka siku moja mkono wangu uwe hivyo kwa mtu mwingine.

Sasa siku moja naingia wodi ya wanaume na sufuria yangu, namkuta Barnabe kitanda cha dirishani. Alikuja Gitega kumtembelea mwanawe, akateleza, nyonga ikavunjika. Mwanawe alimfikisha hospitali, akasema anaenda kutafuta mkate, na hajaonekana mpaka leo. Amekonda, Deo. Ule mdomo uliokuwa unaamuru kilima kizima umebaki ngozi. Hakunitambua. Alininyooshea bakuli.

Nikampita.

Nisikudanganye, nilifurahi. Nilimpakulia wa kulia kwake, nikampakulia wa kushoto, nikasikia bakuli lake likirudi mezani. Nilirudi Magarama kwa miguu nikiimba. Nilikuwa namwona baba siku ile tumbo lilipomkaza, na wewe unatoka mbio kwenda kwa Barnabe kuomba ingobyi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wabebaji na machela ilitundikwa ukutani kwake. Nilikuwa nyuma yako. Nilimsikia kwa masikio haya, amekaa mlangoni anamenya muhogo: "Iyo ngobyi iko ya watu wa uyu mulima. Nyinyi mumekuja juzi tu. Mwite Watanzania bakuje bamubebe." Hata kuinuka hakuinuka. Ukambeba baba mgongoni, mimi nimeshika miguu, na pale kwenye mikaratusi, kabla ya daraja, akatuomba tumweke chini apumzike kidogo. Pale pale ndipo alipotufia. Na msibani Barnabe alikuja! Alikaa mbele na wakubwa, akanywa pombe yetu ya ndizi, akasema baba alikuwa mtu wa watu.

Mama Furaha, ambaye ndiye kiongozi wa kikundi chetu na wa kwaya, aliliona lile bakuli tupu. Kesho yake aliniita nyuma ya vitenge vyake. "We Spesioza, ule muzee wa ku dirisha iko nalala njaa. Mi nakuona, unamurukaka tu. Shida ni nini?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. "Vraiment ni mutu mubaya," akasema. "Bon. Kuanzia leo ule ni wako. We mwenyewe utamulisha."

"Siwezi, mama."

"Basi acha sufuria hapa, na kwaya uache. Yesu hakutuambia tuchague benye kuwa bazuri."

Nilikwenda. Ila nilikwenda na shauri langu moyoni. Nilimlisha bila kumwambia jina. Akapata nguvu, akawa anajua mlio wa kandambili zangu, ananiita mukobwa wanje, binti yangu, na kuwaambia wenzake wodini kwamba Mungu amemtumia malaika. Siku moja akaniuliza, "We mukobwa wanje, uko wa nani? Nimuombee baba yako, alizaa vizuri." Nikamwambia atajua tu. Nilingoja mpaka anipende kabisa. Ndipo nikampiga kwa jina langu. Kijiko kikiwa karibu na midomo yake nikasema, "Mimi ni Spesioza wa Zakariya. Yule uliyesema abebwe na Watanzania."

Akafunga mdomo.

"Fungua mdomo, mzee," nikamwambia. "Maharage bado yapo."

Akafungua. Alikuwa anatafuna na kulia, na mimi machozi sikumpangusa, nilimpangusa midomo tu. Utamu nilioupata pale siwezi kukuficha, wewe ndiye mtu pekee utakayeuelewa.

Tangu siku hiyo nilimwosha, nilimfulia, na kila nilipomgeuza asipate vidonda vya mgongo nilimwambia sikioni, "Hivi ndivyo mtu anavyobebwa." Mama Furaha akanisikia. Akaniambia, "Iyo si huduma, Spesioza. Iyo ni fimbo." Nikamjibu, lakini anakula. Kanisani wametufundisha kumlisha adui, hawakutuambia tumlishe kwa uso gani. Labda nakosea. Kila asubuhi naomba moyo huu ulainike, na kila asubuhi nauamkia uko vile vile. Basi nauchukua hivyo hivyo pamoja na sufuria, twende wote.

Sasa hospitali imemruhusu na kutembea hawezi. Kina mama wakamwombea nafasi kwenye gari la mizigo la Muyinga. Aliposikia Mwakiro alinishika kitenge. "Musinipeleke kule. Ngobyi sasa iko kwa Deo. Ataniacha ku barabara." Habari zilishamfikia. Siku watu walipokuchagua kuwa mkubwa wa wabebaji ulisema mbele ya wote kwamba zamu ya Barnabe ikifika, ingobyi itabaki ukutani. Gari halipandi kilimani kwetu. Wewe ukikataa, hakuna mwanaume wa Mwakiro atakayeweka bega, na yeye atalala hapo senta mpaka baridi immalize. Kwa hiyo yuko mkononi mwako, kama baba alivyokuwa mkononi mwake.

Sikia dada yako. Mbebe.

Si kwa sababu ametubu. Alisema amekosa, nami nikamjibu akamwambie baba. Wala si kwa sababu nimemsamehe, sijamsamehe. Nataka abebwe kwenye bega la mtoto wa Zakariya, mchana, watu wakiacha majembe kuja kutazama. Ukimwacha barabarani utakuwa umemthibitishia kwamba watu wote wako kama yeye, atakufa ametulia akijua hakukosea kitu. Simpi raha hiyo, Deo. Mimi namnyima hiyo.

Mkifika kwenye mikaratusi, mwekeni chini. Usimtukane. Pumzikeni kama wabebaji wanavyopumzika, mnywe maji, na yeye mumpe. Akae hapo atazame. Halafu mnyanyueni, mkamfikishe mpaka kitandani kwake, na mama ampelekee uji kesho yake. Atasema nimechanganyikiwa. Mwambie nimeomba mimi, na uji uwe wa moto.

Mfuko ulio miguuni pake ni maharage ya mama kutoka kwa shangazi yetu wa Bugendana, usije ukausahau garini kwa hasira. Nisalimie mama sana, shemeji na watoto, baba mdogo katekista na sauti yake, na yule jirani mwashi aliyetuchimbia kaburi bila kuombwa. Yeye mwambie ashike upande wa kichwa.

Wako katika Kristo ninayejaribu kumfuata,
dada yako Spesioza

Nimemsomea Barnabe barua hii yote kabla ya kuifunga. Kwa hiyo tangu ulipoifungua anakutazama kupitia kioo cha mlango ule wa nyuma, na anajua umefika wapi.