Kamba wa Ijumaa Kuu

Binti yangu Célestine,

Nina miaka themanini na tatu, nimevishinda vimbunga vyote vya Louisiana, na nyoka aliyeniuma alikufa yeye. Sasa nimemzika hata mama yako.

Kamba wa mtoni wamejaa mwaka huu. Mbwa amezaa. Wewe tu huji.

Dada yako anasema unalia, eti ulichanjwa korona ukajiona salama, ukaja Ijumaa Kuu, ukambusu mama na kumwambukiza. Acha hiyo, mkaidi wee! Hata mimi nilichanjwa. Daktari kasema aliyechanjwa anaweza kuambukiza, na dawa za saratani zilikuwa zimemmaliza mama yako nguvu. Basi kwa nini iwe wewe? Siku mbili kabla hujafika nilirudi kutoka kwenye karata nakohoa. Mama yako akaniambia, "Mzee, kaa huko!" Nikamjibu, "Mimi nina chanjo, mama, fungua mdomo." Nikammenyea kamba, nikamlisha kwa vidole hivi.

Njoo nyumbani. Kiti chake kitupu nitakizoea, chako siwezi.

Baba yako,
Théogène

Ukidhani nakudanganya ili ulale, muulize Alcide ninayecheza naye karata, alinisikia nikikohoa mezani kwake. Na yule hajawahi kunitetea hata siku moja.