Mkataba wa Chumba Namba Moja

Tarehe 9 Februari

Dada yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi, wifi yako na mtoto hatujambo. Vipi magoti ya mama?

Nimesoma habari za kinyozi wa chumba cha nne kuhama na swichi za ukutani. Nilicheka, kisha nikakasirika. Dada, unapangisha kwa huruma, na huruma haizibi paa. Nisikilize mimi niliyepanga nyumba za watu miaka kumi na tisa. Mpangaji asiingie kabla hamjakagua chumba pamoja, kitasa, bomba, swichi, kila kitu kiandikwe na nyote mtie saini. Paa likivuja, lizibwe wiki hiyohiyo, maana mpangaji mzuri anaweza kuvumilia kodi lakini havumilii ndoo juu ya kitanda. Usimpe chumba mtu kwa sababu ana uso mpole. Waulize watu wa alikotoka.

Na kila chumba kiwe na mkataba wa mwaka mmoja. Kila chumba, dada, usinichagulie. Nimekuwekea nakala sita humu ndani. Zikishasainiwa nitumie.

Mdogo wako

Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

Barua imefika na tumefurahi. Mama mzima, magoti yanamsumbua asubuhi tu, akishaanza kukanyaga cherehani anayasahau.

Kazi yako nimeifanya. Mwalimu wa chumba cha tatu alisoma mkataba mpaka nukta ya mwisho, akakusahihishia maneno mawili kwa kalamu nyekundu. Yule tunayemwita Bwana Redio alisaini bila kupunguza sauti. Chumba cha nne kimepata muuguzi, mtu safi, tumekagua mpaka misumari.

Ikabaki nakala moja, ya chumba namba moja, tunachokaa mama na mimi tangu nifiwe na mume. Ulisema kila chumba, basi nikamsainisha mama. Kwenye kodi nimeandika kama ya wengine ili karatasi zifanane. Alicheka sana. Akasema, "Kumbe mwanangu ndiye mwenye nyumba wangu. Muulize kama ataniruhusu kubandika kalenda." Akasaini polepole, kwa mwandiko ule anaoandikia majina ya wateja kwenye vitambaa.

Na mimi nilicheka. Vyumba vyote sita vimetoka kwenye cherehani yake, sare za shule, chumba kimoja kimoja, na wewe unajua. Hati baba aliiandika jina lako kwa kuwa wewe ndiye mwanamume, basi.

Dada yako

Tarehe 20 Septemba

Dada yangu,

Nisamehe kwa ukimya. Natumaini hamjambo wote.

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nasema moja kwa moja. Mwenye nyumba wetu huku ameuza, tumepewa miezi mitatu tutoke. Hii ni mara ya tano. Mtoto ameanza kuuliza kama vitu vyake avitoe kwenye maboksi au aviache tu. Nimechoka kuishi kwa hisani ya watu. Nimepata nyumba ndogo ya kununua, na ili niipate nimeuza hiyo ya huko.

Mnunuzi ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mwelewa. Alipoona kila chumba kina mkataba, hakubishana bei. Wapangaji wote wanabaki mpaka mikataba iishe. Wa mama unaisha mwisho wa Februari, na kodi yake mpaka hapo nitailipa mimi. Baada ya hapo tutapanga vizuri.

Usimwambie mama kwanza, nitamwandikia mwenyewe.

Mdogo wako

Tarehe 11 Oktoba

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Hukumwandikia. Mnunuzi amekuja mwenyewe na faili lake.

Nilimwambia yule bwana kwamba mama si mpangaji, ndiye aliyejenga. Hakunijibu vibaya. Alifungua faili akatuonyesha saini. Mama akavaa miwani, akaiangalia muda mrefu, akasema, "Ni yangu." Kisha akaenda kumalizia sketi ya mteja.

Nimekwenda ofisi ya ardhi. Karani aliniuliza mama amekaa hapo tangu lini, nikamwambia miaka thelathini na moja, nikaona anaandika. Akasema mtu aliyejenga na kukaa muda wote huo anaweza kusikilizwa hata kama hati si ya jina lake. Halafu akauliza kama kuna karatasi yoyote aliyowahi kusaini. Nikamwonyesha mkataba. Akaweka kalamu chini. Alisema kwa karatasi hii mama amekubali kwa mkono wake kwamba ni mpangaji.

Karatasi hiyo nilimpa mimi. Kalamu ilikuwa yangu. Sili vizuri tangu siku hiyo, na nikimwona anakunja vitambaa vyake natamani anitukane, lakini hanitukani.

Mrudishie mtu fedha zake. Nakuomba kama dada, sijawahi kukuomba kitu.

Dada yako

Tarehe 28 Februari

Mdogo wangu,

Barua tatu hukujibu, nami sitauliza hali yako.

Leo tumetoka. Mnunuzi alikuja kukagua, kitasa, bomba, swichi, ulivyotufundisha. Akasoma mahali panaposema mpangaji akiache chumba kama alivyokikuta. Mama akamwambia, "Mimi nilikuta majani." Yule bwana akainamia karatasi zake akatia alama kwamba chumba ni kizuri. Muuguzi wa chumba cha nne alitusaidia kubeba cherehani. Mwalimu alijifungia ndani, nadhani aliona haya kwa niaba yetu.

Mama amesema nisikuandikie maneno mabaya, kwa hiyo naishia hapa. Lakini ujue ninayo. Siku nyingine nakuchukia, na siku nyingi zaidi najichukia mimi.

Dada

Tarehe 30 Aprili

Dada yangu,

Natumaini mko salama popote mlipo. Sisi tumehamia kwetu. Mtoto ametoa vitu vyake vyote kwenye maboksi. Kuna chumba kidogo upande wa jua, nimekiita chumba cha mama, ingawa najua hawezi kuja.

Sikujibu kwa sababu fedha zilikuwa zimeshatoka mikononi mwangu. Niliogopa. Sina neno lingine, na hilo halitoshi.

Kama bado mnatafuta pa kukaa, nendeni mkaangalie chumba siku ya mvua ili mwone paa. Msimuulize mwenye nyumba kama hutengeneza vitu vikiharibika, waulizeni waliomo ndani. Na wakimletea mama karatasi, asisaini kabla hajasomewa mstari kwa mstari, hata kama anayeileta ni mtu wake.

Natuma kwa anwani ileile ya chumba namba moja, kwa kuwa nyingine sina. Atakayeipokea, tafadhali, kama anajua yule mama fundi cherehani alikokwenda, amfikishie.

Mdogo wako