Jiwe la Baba, Ubao wa Bibi

Mkunya, 15 Rajabu 1323 (Septemba 1905)

Mwanangu Dadi,

Salamu nyingi. Mimi na dada yako Stamili hatujambo, ila miguu yangu haitaki tena kuteremka mlima. Wewe je, homa imekuacha?

Ramadhani inakuja, na makaburi yetu huko Masasi yamekaa hivyo hivyo bila kusafishwa. Jiwe la baba yako ni la matumbawe, lilitoka Lindi vichwani mwa wapagazi; lisugue kwa maji na kumbi la nazi. Usithubutu kutia ndimu, ndimu hulila. Ubao wa kaburi la bibi yako ni mninga, maji huuozesha. Ufute kwa kitambaa kikavu, kisha uupake mafuta ya nyonyo. Mrisho mchuuzi wa chumvi anakuletea kibuyu cha mafuta, na mtama wa sadaka.

Mama yako

Masasi, 28 Rajabu

Mama yangu, shikamoo.

Homa imekwisha, alhamdulillahi. Mzigo umefika, na afadhali ungepotea njiani. Askari wa Mjerumani wamerudi, wanamsaka kila aliyegawa ile dawa ya vita. Na dawa yenyewe, wanasema, ni maji, mafuta ya nyonyo na mtama. Hebu fikiri ulichonitumia, Mama! Juzi wamemchukua Haji wa Chiwata kwa kibuyu cha maji ya kunywa tu, na mkewe hana pa kumwulizia. Naogopa. Nimeufukia mzigo nyuma ya jiko. Tungoje vita ipoe.

Mwanao, Dadi

Mkunya, 6 Shaabani

Mwanangu, marahaba.

Sisi wazima. Umenichekesha, kisha umeniudhi. Baba yako amesomesha Kurani nusu ya watoto wa Masasi, nani asiyelijua kaburi lake? Anayejificha ndiye anayeshukiwa. Nenda mchana kweupe, fanya kazi yako, urudi.

Nimemwota tena baba yako. Uso wake umejaa kuvu, hata macho hayaonekani, ananiuliza kama hakuacha mtoto. Ramadhani isimkute hivyo, Dadi.

Mama yako

Masasi, 13 Shaabani

Mama, shikamoo.

Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Basi, radhi yako ni kubwa kuliko hofu yangu. Mzigo nimeufukua. Kesho asubuhi nitaanza na jiwe, nimalizie na ubao. Nikirudi nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Niombee.

Mwanao, Dadi

Mkunya, 25 Shaabani

Dadi mwanangu,

Hujambo? Nijibu hilo tu.

Mrisho amerudi. Mlango wako uko wazi, ndani hamna mtu, na majirani wanainamisha vichwa. Nilikuwa nimemwomba apite makaburini. Anasema jiwe la baba yako ni jeupe pe, utadhani limewekwa jana. Ubao wa bibi yako umefutwa vumbi upande mmoja, mafuta hayajaugusa. Kibuyu hakipo. Basi askari wamekukuta hapo, katikati ya kazi niliyokutuma mimi.

Niliwaogopa wafu, mwanangu, na waliokuwa wa kuogopwa ni walio hai. Stamili analia, mimi machozi hayaji. Usiku baba yako haji tena. Ningejua, ningemwacha aje na kuvu lake kila siku.

Sijui barua hii nimpe nani, wala aipeleke wapi. Lakini barua zako zote huanza kwa shikamoo, na shikamoo ya safari hii haijafika, nami sitaki ikae bila jibu.

Marahaba, mwanangu. Marahaba.

Mama yako