Mahali na Mahari

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Matulo tuko wazima, ila nyanya yako na jogoo wangu bado hawasikizani.

Unauliza kwa nini wapangaji wa ploti yetu ya Kitale hawakai. Nikiwa kijana nilipanga hapo hapo, na chumba kikavuja. Nikaenda kwa mwenye ploti, mama mjane.

"Mama, nimekuja tuongee juu ya mahari."

Nilitaka kusema mahali ninapolala, lakini si unajua ulimi wetu wa Bungoma. Akamwita binti yake alete chai. Huyo ndiye nyanya yako.

Sasa, kwetu mama mkwe haingii nyumbani kwa mkwewe, kwa hivyo lile paa hakuliona kamwe. Wewe huna mkwe humo. Ingia, uangalie juu. Sisi tulilala na karai katikati yetu, ndiyo maana baba yako alichelewa kuzaliwa.

Babu yako,
Wafula