Rangi ya Moto wa Potasiamu

Dada yangu Rukia,

Salamu zikufikie huko Lamu, wewe na shemeji na wanangu. Sisi hapa Mji wa Kale tu wazima, ila Mama bado analalamikia ile chokaa yake ya tambuu uliyommalizia.

Unakumbuka Baba alipokutoa shule, akasema posa imefika na masomo yametosha? Hukulia. Ulianza kunivizia mlangoni, kabla hata sijavua buibui, utake kujua tumesomeshwa nini. Nilipokuletea jedwali la elementi ukalipanga upya juu ya mkeka: chumvi iwe sodiamu, chini yake jivu la jikoni liwe potasiamu, kwani kitabu kilisema imo humo. Kando ukaweka chokaa ya Mama, maana ina kalsiamu. Mbali kidogo sinia la shaba, na chini zaidi ukaacha nafasi tupu ya dhahabu, kwa sababu Mama alikataa katakata kuvua bangili.

Siku moja nikakuhadithia jinsi mwalimu alivyotia punje ya sodiamu katika beseni la maji, ikawa kijidonge, ikakimbia huku na huku ikilia kama vitunguu kwenye mafuta. Wewe ulikuwa ukitazama mkeka. Ukaweka kidole kwenye jivu, chini ya chumvi.

"Na huyu wa tini yake atakuwaje?"

Ukasema lazima awe mkali zaidi, kwa kuwa elektroni yake ya nje iko mbali zaidi na kiini, na mtoto achezaye mbali na mamake ni rahisi kuchukuliwa. Kesho yake nikamuuliza mwalimu, naye akatuonyesha. Potasiamu ilishika moto pale pale, Dada. Nilipita Ngome mbio nije nikuambie kwamba umepata. Nikafungua kinywa, ukaniziba kwa kiganja.

"Usinambie rangi. Ntaiona mwenyewe."

Mwezi haukwisha, ukaolewa. Tangu hapo huja kwa harusi na matanga, tunapika, tunacheka, unarudi zako. Kila mara naona haya kukuuliza kama bado unataka. Inaniuma kwamba nilisoma fungu langu na lako.

Baada ya uhuru yule mwalimu wa Kizungu alirudi kwao, na sasa ufunguo wa maabara umefungwa kwenye ncha ya leso yangu. Leo nimewaonyesha wasichana sodiamu. Wakauliza juu ya ile ya chini yake, nikawaambia wangoje, kuna mwenzao hajafika. Kipande kimo chupani ndani ya mafuta ya taa, mahali ambapo maji hayakifikii.

Mwambie shemeji unakuja kumwona Mama. Si uongo, utamwona. Kisha tutafuatana hadi shuleni, ushike koleo wewe mwenyewe, nami nitakaa kando nikutazame uso.

Rangi sijakuambia mpaka leo.

Mdogo wako uliyemziba kinywa