Rispa Hajasamehe

Doha, Jumatano

Baba mpendwa,

Mulembe. Natumaini mgongo umepoa na mvua imeyahurumia mahindi yako. Mimi ni mzima, kazi ya kusafisha wodi ni ile ile. Moyo ndio mgonjwa. Nakuomba usiirarue barua hii kabla hujaimaliza.

Mdogo wangu Rispa alinipigia simu akilia. Ameniambia Baba Mkubwa alikuja hapo na wazee wa ukoo, mkakubaliana kesi ya mwanawe Wycliffe iishie nyumbani, kwa sababu damu ni moja. Ingokho ikachinjwa, wewe mwenye boma ukapewa firigisi, ukala, mambo yakaisha. Na aliyemnyonyoa kuku huyo ni nani? Ni Rispa, kwa mkono mmoja, kwa maana ule mwingine ungali na bandeji pale Wycliffe alipomkata kwa panga ya miwa, ati asilime shamba la marehemu mama yetu. Alikuwa jikoni hapo hapo, na hakuna aliyemwita aulizwe.

Baba, nakuheshimu, lakini hilo limeniuma sana. Panga haikukupata wewe. Ulisamehe nini?

Kiongozi wa mashtaka huko Kakamega alimweleza Rispa wazi. Ana haki ya kujulishwa kesi inapotajwa, na hakimu amsikie kabla ya kuamua kama Wycliffe atoke kwa dhamana. Akitishwa, aseme, alindwe. Na kama kuna kusamehe, kutoke kinywani mwake mwenyewe. Sasa ndugu zake Wycliffe wanapitanga langoni wakimcheka: "Kesi mlishaila na ingokho." Wewe unawasikia, unanyamaza.

Anasema umemkataza kwenda kortini. "Dada, niombee ruhusa kwa Baba," akaniambia. Siombi. Rispa ni mtu mzima na kidonda ni chake. Jumatatu dhamana inasikizwa, naye atakwenda.

Upande wa Wycliffe utajaa ukoo mzima, nawajua. Rispa haogopi hakimu, Baba. Anaogopa kugeuka akuone umeketi nao.

Nisalimie shangazi anayempeleka Rispa hospitali ya Mukumu kusafishwa kidonda, Mungu amzidishie. Nisalimie pia kukhu, mama yako, na umwambie dawa ya macho nimeipata. Kwa Baba Mkubwa leo sina salamu.

Kifungua mimba wako,
Everlyne